Kapiteni Joubert na Mji wa Mpala

Watoto, mtu akipanda chombo pale Kalemie na kushika njia ya kusini, milima inamfuata kuumeni kwake siku nzima. Hiyo ni milima ya Marungu. Mahali pengine inaingia ziwani kama ukuta, hata mvuvi hapati pa kuvuta mtumbwi wake. Lakini mahali pengine mto umekata njia katikati ya milima na kuleta udongo mwema, na hapo pana uwanda, na watu, na mashamba. Mto mmoja wa namna hiyo unaitwa Lufuko. Na pale Lufuko unapomwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, pana mji mdogo unaoitwa Mpala.

Ninyi mnajua kwamba miji mingi ya nchi yetu ilipewa majina na Wazungu. Kalemie iliitwa Albertville kwa heshima ya mwana wa mfalme Albert wa Ubelgiji. Moba na Kirungu ziliitwa Baudouinville kwa ajili ya Baudouin, kaka yake Albert, aliyekufa kijana mwaka 1891. Majina hayo yamekwisha kuondoka. Mpala haikubadili jina, wala wakati wa Wazungu, wala baadaye. Ni jina la mtu wa hapo hapo, sultani Mpala, aliyetawala mdomoni pa Lufuko kabla Mzungu yeyote hajajenga huko.

Mwaka 1883 Mzungu mmoja alivuka ziwa kutoka Karema, mji ulio ng'ambo, upande wa mashariki. Alikuwa Mbelgiji, askari, jina lake Emile Storms. Alitumwa na chama kilichoanzishwa na mfalme Leopold wa Pili huko Bruxelles mwaka 1876. Storms alitafuta mahali pa kujenga boma upande wa magharibi. Alipoona mto, na udongo mwema, na watu wengi, akapenda. Tarehe 4 Mei 1883 akaanza kazi yake. Lakini mgeni hawezi kujenga katika nchi ya watu bila ruhusa ya mwenye nchi. Basi Storms na sultani Mpala wakachanjiana, wakawa ndugu wa damu.

Wazee wetu waliheshimu sana udugu huo. Watu wawili walichanjwa kidogo, kila mmoja akala damu ya mwenzake, na mbele ya mashahidi wakaapa kusaidiana katika vita, katika njaa na katika safari. Aliyevunja kiapo alitazamiwa kufa. Lakini kila mmoja wa hawa wawili alikuwa na fikira zake. Mpala alidhani amepata ndugu mwenye bunduki, atakayemsaidia juu ya adui zake. Storms alidhani amepata nchi. Mimi naona kwamba shida nyingi zilizofuata mahali pengi katika Kongo zilitoka katika jambo hilo: watu wawili wamekubaliana, lakini kila mmoja ameelewa jingine.

Na adui hakuwa mbali. Juu milimani aliishi sultani mwingine, jina lake Lusinga, mtu wa nguvu, aliyeteka watu na kuwauza. Storms na Lusinga hawakupatana. Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms walishambulia kijiji cha Lusinga, wakamwua, wakakata kichwa chake. Storms alichukua fuvu lile mpaka Ubelgiji, nalo likawekwa katika jumba la makumbusho. Lusinga aliwatenda watu mabaya, ni kweli. Lakini kuchukua kichwa cha mtu kama pembe ya nyama ya porini, hilo pia ni baya, na watu wa Marungu hawakulisahau. Huko Bruxelles kwenyewe sanamu ya Storms iliyosimama katika bustani ya mji iliondolewa mwaka 2022.

Storms hakukaa sana. Mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yalimaliza mkutano wao wa Berlin, na mfalme Leopold akageuza macho yake upande wa mto Kongo. Hakutaka tena kulipa gharama za maboma mawili ya mbali, Karema na Mpala. Akayatoa kwa Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe. Mwezi wa Julai wa mwaka ule padri Moinet akapokea Mpala: boma, mashamba, watu, na magomvi yao yote.

Sasa tuache Mpala kidogo, twende mbali, katika nchi ya Ufaransa, katika kijiji cha Saint-Herblon, karibu na mto mkubwa unaoitwa Loire. Huko, tarehe 22 Februari 1842, alizaliwa mtoto mwanamume aliyeitwa Léopold Louis Joubert.

Joubert alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane, Baba Mtakatifu Pius wa Tisa alikuwa bado mfalme wa nchi yake katika Italia, na nchi hiyo ilikuwa inashambuliwa. Vijana Wakatoliki wa nchi nyingi, Wafaransa, Wabelgiji, Waholanzi, hata watu wa Kanada, walikwenda kumsaidia. Baadaye waliitwa Wazuavu. Walivaa suruali pana sana na koti fupi, kama askari wa Algeria. Joubert akaingia katika jeshi hilo. Mwaka 1860 alipigana huko Castelfidardo, ambako jeshi dogo la Baba Mtakatifu lilishindwa. Hakukata tamaa, akabaki miaka kumi, akapanda cheo mpaka akawa kapiteni. Mwaka 1870 Roma ikatwaliwa, na Wazuavu wakaambiwa warudi makwao. Kapiteni akarudi nyumbani bila jeshi, na mtu aliyezoea vita si rahisi kumweka shambani kutazama ng'ombe.

Ndipo alipopata habari za Kardinali Lavigerie. Kardinali alikuwa ametuma mapadri katika maziwa makubwa ya Afrika tangu mwaka 1878. Njia ya kutoka pwani ilichukua miezi kwa miguu, na watu wengi walikufa njiani kwa homa, kwa njaa na kwa mishale. Kardinali akatafuta askari wa zamani, watu wa sala, walinde misafara. Joubert akakubali. Mwaka 1880 aliondoka Algeria, akapita Zanzibar, akashika njia ya wapagazi. Alifanya kazi miaka kadhaa upande wa kaskazini wa ziwa, kisha akarudi Ulaya mwaka 1885. Huko angaliweza kupumzika. Lakini mapadri wa Mpala walikuwa wanaomba msaada, na mwaka 1886 akaanza safari tena. Alifika Mpala mwezi wa Machi 1887, akiwa na miaka arobaini na mitano. Tangu siku ile hakurudi tena kukaa katika nchi yake.

Kwa nini mapadri walihitaji askari? Sikilizeni vizuri.

Zamani zile pembe za tembo zilikuwa na bei kubwa. Ulaya na Marekani walizitaka sana kwa kutengeneza piano, na mipini ya visu, na vitu vingine vya matajiri. Wafanya biashara kutoka Zanzibar na pwani walikuja mpaka Tabora, mpaka Ujiji, wakavuka ziwa, wakafika Manyema. Walinunua pembe, na walinunua watu, na pale ambapo hawakununua waliteka. Walichoma kijiji usiku, wakawafunga waliokimbia, wakawatia kongwa shingoni, yaani mti mrefu wenye panda. Mama aliyechoka aliachwa njiani. Wengi walivushwa ziwa katika madau mpaka Ujiji, na kutoka huko wakatembea zaidi ya kilometa elfu moja mpaka pwani.

Watu huwaita wafanya biashara hao Waarabu. Wengine kweli walikuwa Waarabu, lakini wengi walikuwa watu weusi: Wangwana, na rugaruga waliopigana kwa ajili ya mali, na masultani kama Lusinga waliouza jirani zao. Wala wale walionunua piano huko mbali hawakuuliza pembe ilibebwa na nani. Dhambi ile ilikuwa na mikono mingi.

Huko Ujiji aliyekuwa na nguvu kuliko wote ni Muhammad bin Khalfan, mzaliwa wa Lindi, ambaye watu walimwita Rumaliza. Madau yake yalikwenda po pote ziwani. Watu waliokimbia vita vyake walikuja Mpala. Walikuja usiku, kwa mitumbwi au kwa njia za milimani, bila chakula, bila nguo. Mapadri pia walinunua watoto waliotekwa, wakawalea. Kila mtu aliyepokelewa alikuwa mdomo wa kulishwa, na tena alikuwa sababu ya vita, kwa maana mwenye watumwa hakupenda mali yake ipotee.

Basi Kapiteni Joubert akaanza. Hakuleta jeshi kutoka Ulaya. Alichukua vijana wa Mpala, akawafundisha kusimama mstari, kulenga, kungoja amri, na hasa kutopoteza risasi. Wengi walikuwa wavuvi na wakulima. Asubuhi walifanya mazoezi, kisha wakarudi shambani, maana bunduki haipiki ugali. Kijiji kilipopata habari kwamba rugaruga wanakuja, ngoma ililia, wakakusanyika.

Baadaye Kapiteni alikwenda kukaa katika uwanda wa Mrumbi, kusini ya Mpala, akajenga kijiji chenye boma. Akakiita Saint-Louis, yaani Mtakatifu Ludoviko, kwa jina la mfalme mtakatifu wa Ufaransa, ambaye ndiye somo wake. Kwa hiyo pale ziwani palikuwa na mahali pawili pa kukimbilia: Mpala, penye jina la sultani, na Saint-Louis wa Mrumbi, penye jina la mfalme wa mbali.

Mwezi wa Februari 1888 Kapiteni alifunga ndoa kanisani. Mke wake aliitwa Agnes Atakaye, binti wa nchi ile. Ninyi mwaona ni jambo dogo. Wakati ule halikuwa dogo. Wazungu wengi waliokaa na wanawake Waafrika hawakuwaoa kwa haki, na walipomaliza kazi waliwaacha pamoja na watoto. Joubert alioa mbele ya padri na mbele ya watu wote, na akakaa na mke wake mpaka mauti. Walizaa watoto wengi, na watoto wale walisema lugha ya mama yao.

Je, Kapiteni alikuwa mtu bila kosa? Sidhani, na mimi sitawadanganya. Alikuwa askari, alizoea kutii na kutiiwa. Huko Mpala na Mrumbi mapadri na Kapiteni walikata mashauri, wakatoa adhabu, wakatawala kama masultani. Kardinali aliota kuona ufalme wa kikristu katikati ya Afrika, na wenye nchi hawakuulizwa sana. Lakini mtu aliyekimbia kongwa usiku hakuuliza habari za ufalme. Aliuliza kama mlango utafunguliwa. Nao ulifunguliwa.

Huko Ulaya, mwaka 1888, Kardinali Lavigerie alizunguka katika miji mikubwa, Paris, London, Bruxelles, akihubiri juu ya mateso ya watumwa. Watu walitoa fedha. Lakini fedha ya Bruxelles haifiki Mpala kwa siku moja, na kwa Kapiteni miaka iliyofuata ikawa mibaya kuliko yote.

Mwaka 1890 alishambuliwa na kusukumwa. Mwaka 1891 watu wa biashara ya watumwa walishika karibu upande wote wa magharibi wa ziwa. Sehemu ndogo tu ilibaki, Mpala na Mrumbi na vijiji vya karibu. Njia ya kaskazini imefungwa. Ziwani madau ya adui. Nyuma milima. Kapiteni alibaki na watu wapata mia mbili wenye silaha.

Na silaha zenyewe! Wengine walikuwa na bunduki za Kifaransa ziitwazo Chassepot, wengine Remington, wengine gumegume za zamani zinazoshindiliwa kwa mdomo. Ninyi fahamuni shida yake: risasi ya bunduki hii haiingii katika bunduki ile. Mtu anaweza kuwa na bunduki njema mkononi na risasi njema mfukoni, na asiweze kupiga hata mara moja. Dawa nazo zilikuwa karibu kwisha. Homa haikungoja msafara.

Mwisho wa Oktoba 1891 msafara ulionekana. Kwanza walipita Wazungu wengine na watu wao wa Zanzibar, wakiongozwa na Kapiteni Stairs. Walikuwa wanakwenda Bunkeya kwa sultani Msiri, nao walikuwa na mganga, akaona shida ya watu wa Mrumbi kwa macho yake. Hao walikuwa wapitaji tu. Lakini siku zile zile alifika pia Kapiteni Jacques, Mbelgiji, aliyetumwa na chama cha kupinga utumwa. Yeye alikuja kukaa.

Jacques alimwomba Joubert alinde mahali pake, asitoke kushambulia, wakati yeye anakwenda kaskazini. Tarehe 30 Desemba 1891 alianza kujenga boma, akaliita Albertville. Ndiyo Kalemie ya leo. Rumaliza hakulifurahia. Mwaka 1892 watu wake walijenga boma lao karibu, wakaizunguka Albertville muda mrefu, na msaada uliofika kwanza haukuweza kuwaondoa. Vita vilimalizika mbali na Mpala, upande wa Manyema, ambako jeshi la Dola Huru ya Kongo lilipigana na watu wa pwani tangu mwaka 1892. Mwanzoni mwa mwaka 1894 Rumaliza alishindwa, akakimbilia upande wa mashariki. Dola hiyo ya mfalme Leopold baadaye iliwatesa watu vikali kwa ajili ya mpira, lakini hayo ni masomo ya siku nyingine.

Ziwani vita vikaisha. Kapiteni alikuwa na miaka hamsini na miwili. Watu walioishi ndani ya boma wakatoka, wakajenga nyumba zao kwenye mashamba. Joubert akaweka bunduki ukutani na kuendelea na kazi nyingine: kupatanisha wagomvi, kutazama wagonjwa, kufundisha sala. Kwa mtu wa silaha, ni jambo zuri akijua siku ya kuziweka chini, wengi hawajui.

Mapadri nao walijenga misioni mpya ya Baudouinville mwaka 1893. Askofu Roelens alitaka sana kupata mapadri waliozaliwa katika nchi hii. Seminari ndogo ikafunguliwa pale Mpala, katika mahali pale pale palipojengwa boma la Storms. Kati ya wanafunzi wake alikuwako kijana wa Marungu, jina lake Stefano Kaoze. Alijifunza miaka mingi, akaendelea Baudouinville, na tarehe 21 Julai 1917 akapewa upadri. Yeye ndiye padri wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu. Mtoto kama Kaoze, angalizaliwa miaka kumi tu mbele, pengine angalivuka ziwa na kongwa shingoni.

Kapiteni Joubert alizeeka katikati ya watu wake. Wakati wa uzee alihamia Misembe, karibu na Moba. Ndevu zake zikawa nyeupe, macho yake yakaingiwa na giza, hata ikambidi kushikwa mkono njiani. Wazuavu wenzake wa Roma karibu wote walikuwa wamekufa. Alikufa tarehe 27 Mei 1927, mwenye umri wa miaka themanini na mitano, baada ya kukaa miaka arobaini mfululizo kando ya Tanganyika.

Kati ya watoto wake na Agnes alikuwako mmoja aliyeitwa Albert, aliyezaliwa Saint-Louis wa Mrumbi mwaka 1908. Baba yake alikuwa tayari na miaka sitini na sita. Albert alipata upadri mwaka 1935. Mwaka 1964, wakati wa vita vya Wasimba, alikuwa Fizi, upande wa kaskazini wa ziwa. Yeye hakuwa mgeni, aliijua nchi, aliijua lugha, na mama yake alikuwa mwanamke wa ziwa hili. Jioni ya tarehe 28 Novemba alipigwa risasi na kufa pamoja na padri Giovanni Didonè, Mwitaliano. Siku ile ile wamisionari wawili wenzake waliuawa Baraka.

Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, mbele ya umati wa watu, Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri. Katika karatasi za siku ile mahali pa kuzaliwa pa Padri Albert pameandikwa: Saint-Louis wa Mrumbi.